Chozi Lisiloanguka

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo sitapitia makosa yote ya filamu za watu waliokwama angani, maana tutakesha. Nachukua moja tu, Gravity ya mwaka 2013, na ndani yake nachukua chozi na kamba.

Kwanza niondoe lawama moja njiani. Kila nikiitaja filamu hii, hakosi mtu wa kuuliza: wanaanga wake wanatokaje kwenye darubini ya Hubble hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa mtambo wa kubeba mgongoni? Kwa kweli, wasingefika. Hubble ilizunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, kituo kilomita 400, tena njia zenyewe zimelala pembe tofauti. Kuhama kutoka moja hadi nyingine kunataka fueli ambayo mgongo wa mtu hauibebi. Lakini hilo namsamehe mwongozaji, Alfonso Cuarón. Bila uongo huo hana hadithi, na sisi tuliokulia kwenye visa vya Abunuwasi hatuna uso wa kununa.

Chozi ndilo simsamehe. Mwigizaji Sandra Bullock analia ndani ya chombo, chozi linabanduka shavuni na kuelea taratibu kuja kwetu. Linapendeza mno, na si kweli. Pasipo uzito, maji hayana sababu ya kuondoka usoni. Hushikana yenyewe na kung'ang'ania ngozi. Mwaka huohuo, filamu ikiwa bado haijatoka, mwanaanga Mkanada Chris Hadfield alijitia maji jichoni akiwa kituoni ili tuone. Yalijikusanya donge chini ya jicho, naye akaeleza kwamba yakizidi huvuka pua kwenda jicho la pili.

Inachekesha, siyo? Haya, ngojeni.

Tarehe 16 Julai 2013, Mwitaliano Luca Parmitano yuko nje ya kituo ndani ya vazi la anga, anahisi ubaridi kisogoni. Maji. Wiki moja kabla yalishaonekana maji, ikadhaniwa ni mfuko wake wa kunywea umevuja. Safari hii hayakukoma: kifaa cha kutenganisha maji na hewa ndani ya vazi kilikuwa kimeziba. Akaamriwa arudi. Jua limetua, anajigeuza apite kando ya antena, na katika kujigeuza huko maji yanatambaa mbele, yanafunika macho, yanaingia puani. Haoni. Redio haisikiki vizuri. Kujifuta hawezi, kwa kuwa uso uko ndani ya kofia na mkono uko nje. Yalikuwa kama lita moja na nusu.

Sasa niambieni, kipi kinatisha zaidi, hicho au chozi linaloelea? Bullock angelia akiwa amevaa kofia, chozi likagoma kutoka jichoni, tungeshika viti kwa mikono miwili.

Tuje kwenye kamba. George Clooney, anayeigiza mwenzake Bullock, ananing'inia mwishoni mwa kamba, ananing'inia hasa, kama mtu aliyetumbukia kisimani, kisha anajifungua ili mwenzake apone. Ananing'inia kuelekea wapi? Kwa tunavyoonyeshwa, wote wawili wameshasimama, hakuna kinachomvuta. Angevutwa kidogo tu, angekuja mwenyewe.

Na Parmitano? Kule gizani alikumbuka kebo yake ya usalama, ile inayojikunja yenyewe kurudi mlangoni. Nguvu yake ni ndogo, kama uzito wa kilo moja na ushei ya sukari. Akaifuata, akafika.

Mlango ukafungwa, hewa ikaanza kujazwa polepole katika chumba cha kuingilia, naye anapumulia mdomo tu. Mwenzake Chris Cassidy hawezi kusemezana naye, kwa hiyo anambana mkono kuuliza kama bado yupo, naye anajibu kwa mkono kwamba yupo. Kofia ikavuliwa, wenzake Warusi wakampa taulo. Akawashukuru bila kusikia walichosema, masikio yalikuwa bado yamejaa maji.