Yi Yi: Nyumba moja Taipei, kila mtu na lake moyoni

ZUHURA: Karibuni tena wapendwa, leo ni Yi Yi ya Edward Yang, dairekta wa Taiwan, muvi ya mwaka 2000, ile iliyompa tuzo ya dairekta bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo. Dakika 173. Familia ya Taipei, mji mkuu wa Taiwan, wanaishi ghorofani, baba NJ ana kampuni ya komputa na wenzake, mama Min-Min yuko ofisini, binti Ting-Ting anasoma sekondari, halafu Yang-Yang, katoto ka miaka minane, na bibi mzaa mama anaishi nao humohumo.

BARAKA: Inaanza na harusi inaisha na msiba. Mi dada Zuhura naomba tuanzie kwa bibi, maana bila bibi hii muvi haipo kabisa.

ZUHURA: Haya, anza.

BARAKA: Si usiku wa harusi ya mjomba A-Di, bibi anapata kiharusi, wanamkuta chini huko kwenye takataka, anarudishwa nyumbani hajitambui, na dokta anasema muwe mnaongea naye. Basi wanapeana zamu. Na hapo ndo unagundua watu wazima hawana cha kumwambia! A-Di anaingia na mbwembwe, dakika mbili kaishiwa. NJ yeye anamwambia mama mkwe wake kwamba hii ni kama kusali, hujui unayemwambia kama anasikia, na hujui kama we mwenyewe unamaanisha. Yaani nilisimamisha nikarudisha nyuma.

ZUHURA: Na Ting-Ting usimsahau, yule binti anaamini ni kosa lake, kuna mfuko wa taka alitakiwa aushushe akausahau, anahisi bibi ndo alishuka nao. Hamwambii mtu. Halali usiku, anaenda kukaa na bibi anamwomba amsamehe, na mule ndani baba hajui, mama hajui, wote wako hatua kumi kutoka kwake.

BARAKA: Sasa sini ya Min-Min.

ZUHURA: Hiyo niachie mimi. Min-Min amekaa kitandani analia, anamwambia mume wake kila siku namsimulia mama yaleyale, asubuhi nilifanya hiki, mchana hiki, jioni hiki, dakika moja nimemaliza, inakuwaje maisha yangu yawe kidogo hivi? Na NJ amesimama pale, mtu mwema kweli, hana ubaya, anakuja na wazo kwamba basi tumwambie nesi awe anamsomea mama gazeti. Gazeti, Baraka! Mwanamke anakwambia maisha yake ni matupu we unamletea suluhisho la ratiba. Na dairekta Yang hambadilishi NJ kuwa mtu mbaya, anamwacha hivohivo.

BARAKA: Kuna nyingine ya ofisini usiku, Min-Min kasimama gizani dirishani, taa za mji zimejichora kwenye kioo juu ya mwili wake, na kuna taa moja nyekundu inawaka inazima palepale kifuani. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie. Yang anapenda sana vioo, unamwona mtu na barabara na magari kwa pamoja, kamera iko mbali imetulia.

ZUHURA: Ila mi nina neno. Baada ya pale Min-Min anaenda mlimani kwenye hekalu la Kibuddha na muvi inamwacha huko muda mrefu mno. NJ anapewa Tokyo nzima, anapewa mpenzi wake wa zamani Sherry, wanatembea, wanaulizana kwa nini uliniacha. Min-Min anapewa mlima ambao hata hatuuoni vizuri. Kwa muvi inayojali kila mtu hivi, hapo sijaridhika.

BARAKA: Mi naona kinyume dada yangu, kutokuwepo kwake ndo kunakufanya uhisi nyumba imepwaya. Halafu akirudi anasema jambo zito, kwamba kule wale wa hekaluni walikuwa wanamwambia yeye yaleyale kila siku, kama yeye alivyokuwa anamwambia mama yake. Kaenda mbali kote akakuta vilevile. Na NJ anamjibu na la kwake, kwamba alipata nafasi ya kuonja tena ujana wake na mambo yakaenda palepale, hakuhitaji kweli nafasi ya pili. Wawili hawa walikuwa safari moja!

ZUHURA: Hapo sawa, nakupa nusu.

BARAKA: Na ile Tokyo yenyewe, jamani uhariri! NJ na Sherry wanaongelea mara ya kwanza kushikana mikono, huku Taipei Ting-Ting yuko na kijana wake wanashikana mikono barabarani, baba na binti hawajui kabisa kwamba usiku uleule wako kwenye jambo moja. NJ kachezwa na Wu Nien-jen, yule mwandishi wa sinema aliyeshiriki kuandika A City of Sadness, muvi ya dairekta mwingine wa Taiwan, Hou Hsiao-hsien, na uso wake hausukumi kitu, umechoka tu kiungwana.

ZUHURA: Yang mwenyewe alisomea uhandisi wa umeme, akafanya kazi za komputa Seattle kabla hajarudi Taiwan kutengeneza filamu, kwa hiyo Sherry anapomkumbusha NJ habari za kusomea uinjinia, na zile kero za kwenye kampuni, dairekta anayajua hayo kwa kuyaishi. Kinachoniuma ni kwamba kumbi za sinema za Taiwan hazikuionesha ilipotoka, ikasubiri miaka mingi, na Yang alifariki 2007 kwa kansa.

BARAKA: Inaumiza. Na hatujamtaja Yang-Yang vizuri, anapiga picha visogo vya watu! Mjomba anauliza hii nini, mtoto anamwambia we huwezi kujiona huko nyuma, nakusaidia. Mwalimu shuleni anamcheka mbele ya darasa, nilimchukia yule mwalimu.

ZUHURA: Mi pia. Na ndo huyohuyo Yang-Yang aliyegoma kuongea na bibi muvi nzima, mkifika msibani mtaona anafanya nini, hiyo siwaharibii. Tafuteni siku mna masaa matatu, msiikate vipande vipande. Wiki ijayo ni A Brighter Summer Day ya 1991, ya Yang huyohuyo, hiyo inakaribia masaa manne kwa hiyo anzeni mapema.