Neno Tulilolificha kwa Wazazi

(Mazungumzo na wazazi na walezi, Moshi)

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi akina baba mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Kwenye vikao vya chanjo nimezoea kuona akina mama watupu.

Mimi ni muuguzi, na miaka yangu mingi imepita kwenye wodi ya magonjwa ya wanawake. Jioni hii nazungumzia chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Naanza kwa kuungama. Mwaka 2014, Kilimanjaro ilipoanza kuitoa kabla ya mikoa mingine, mimi na wenzangu tulipita mashuleni tukisema "chanjo ya saratani", basi. Kwamba saratani hii inaletwa na kirusi kiitwacho HPV, na kwamba kirusi hicho kinaambukizwa kwa ngono, tuliliruka. Tuliona aibu kulitamka neno hilo mbele ya wazazi wa watoto wadogo. Wazazi wakaenda kulisikia sokoni Mbuyuni, likiwa limeshaongezewa chumvi, wakajiuliza tumewaficha nini kingine.

Deni hilo nililikuta mwaka 2024, chanjo ilipotolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Baba mmoja alinisubiri kwenye geti la shule, gambuti miguuni, mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma ya pikipiki. Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Sista, binti yangu ana miaka tisa. Mnamchanja ugonjwa wa zinaa, kwani mmemwona na tabia gani?"

Lile swali lilinigusa, maana lilikuwa la mtu anayelinda heshima ya mwanawe. Nikamwomba aje kesho yake na kadi ya kliniki. Akaja nayo ndani ya mfuko wa nailoni, kona moja imetafunwa na panya. Nikaweka kidole kwenye mstari wa Penta, chanjo ya watoto wachanga: wiki ya 6, ya 10, ya 14. Ndani ya sindano ile kuna kinga ya homa ya ini aina ya B, ugonjwa unaopita kwa damu, kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, na kwa ngono pia. Binti yake alishakingwa dhidi ya ugonjwa wa zinaa kabla hajaota jino, na hakuna aliyeuliza habari ya tabia. Yule baba aliiangalia kadi muda mrefu, akasema, "Hili hatukuambiwa." Kweli, hawakuambiwa.

Mnaniuliza, kwa nini mapema hivyo, si asubiri akue? Kwa sababu chanjo hii haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Inamfaa yule ambaye bado hajakutana nacho. Uingereza walianza mwaka 2008, wakachanja mabinti wa rika mbalimbali, kisha wakawafuatilia. Waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, saratani hii ilipungua kwa asilimia 87. Waliochanjwa wakiwa na miaka 16 hadi 18, ilipungua kwa asilimia 34. Sindano ni ileile. Kilichopotea hapo katikati ni muda.

Na kuhusu tabia, wasichana waliochanjwa wamefuatiliwa katika nchi kadhaa, na haikuonekana kwamba wanaanza ngono mapema kuliko wenzao.

Kuna linalosemwa zaidi ya yote, kwamba chanjo inafunga kizazi. Nilimhudumia mama mmoja wa miaka 41 kutoka huko juu mlimani. Alikuja amejifunga khanga mbili, katikati ameweka mfuko wa nailoni, kwa sababu damu ilikuwa haikatiki, na kwa ile harufu alikuwa akisubiri daladala iliyo tupu ndipo apande. Alidhani ni hedhi inayokaribia kukoma. Maisha yake yote hakumjua mwanamume mwingine ila mumewe. Narudia, ila mumewe. Ndoa takatifu haimzuii mwenzako kuwa na kirusi alichokipata miaka mingi kabla hamjaonana, naye mwenyewe hana habari, kwa kuwa hakiumi. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Ikiwahiwa, mara nyingi daktari hulazimika kuondoa mfuko wa uzazi. Yule mama tulichelewa. Nimeona vizazi vikiondolewa kwa saratani. Kwa chanjo sijaona hata kimoja.

Nimeletewa vikaratasi vyenye maswali.

"Mtoto wa kiume je?" Wavulana nao hukibeba kirusi na kukiambukiza. Kwa sasa hapa kwetu chanjo inatolewa kwa wasichana, kwa kuwa ndio wanaokufa zaidi.

"Binti akiniuliza ni ya nini, nimjibuje?" Wa miaka tisa mwambie, "Inakukinga na saratani inayowapata akina mama." Wa miaka kumi na minne ongeza kwamba kirusi chake kinapita kwa ngono, umwangalie usoni unaposema. Akina bibi, shangazi na somo mnaweza kusaidia hapo, kazi hii ni yenu tangu zamani.

Hiki cha mwisho hakina jina. Kimeandikwa, "Je, damu ikitoka baada ya kukutana na mume, ni kawaida?"

Hapana mama, si kawaida. Huenda ikawa ni maambukizi yanayotibika, lakini lazima uangaliwe. Kipimo ni cha kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi, ni dakika chache tu. Kikao kikiisha nitakuwa pale nje chini ya mwembe, peke yangu, hadi mtu wa mwisho atakapoondoka. Usipite bila kuniona.