Mangi Amefungua Tawi

MOSHA: Kabla hujasalimia wasikilizaji wa redio, da Zai, tuitie paka kama ulivyomwita juzi.

ZAINABU: Siiti.

MOSHA: Saa tano usiku, Majengo nzima imelala, mtu na tochi na kisahani cha dagaa: "Habibi! Habibi wangu, rudi!"

ZAINABU: (anacheka) Mzee mmoja akafungua dirisha: "Binti, mwanaume akishaondoka mwache aende." Siku nne, Mosha! Ya tano napita kwa mama fundi cherehani, mtaa wa pili, namwona bwana kajilaza juu ya vitenge vya wateja. Namwita, anafungua jicho moja, anafumba. Fundi ananiambia, "Huyu ni Mangi wetu, tangu mwaka jana."

MOSHA: Mangi, kama Mchaga mwenye duka! Sasa unashangaa nini? Mangi gani ana duka moja? Amefungua tawi.

ZAINABU: Na chanjo ya kichaa cha mbwa nimelipa mimi. Kumbe fundi naye alimpeleka!

MOSHA: Leseni mbili, matawi mawili. Ngoja Disemba, anapanda kwao Kibosho, Kilimanjaro, humwoni mpaka Januari.

ZAINABU: Nisikilize basi. Tangu mwanangu aende bweni, nyumba ilikuwa kimya mno. Sasa nikirudi, kabla sijatoa ufunguo nasikia "nyau". Ananilalia kifuani, anakoroma, ule mkoromo nausikia mpaka kwenye mbavu. Siku iliyonichosha inaishia pale. Yule ananipenda.

MOSHA: Anapenda mfuko wa dagaa.

ZAINABU: Paka wakubwa wenyewe kwa wenyewe hawaambiani "nyau" sana. Mtoto humlilia mama yake, akikua anatulilia sisi binadamu. Hiyo ni sauti ya mfuko?

MOSHA: Ya kuomba. Hata anayetaka kukopa dukani huanza na "kaka yangu".

ZAINABU: Abu Huraira, sahaba wa Mtume, jina lile maana yake baba wa kipaka. Mtu aitwe hivyo kwa ajili ya dagaa?

MOSHA: Sahaba simgusi. Namsema Mangi. Paka wa bibi yangu alilinda mahindi yasiliwe na panya. Hakuwa na jina, hakubebwa na mtu.

ZAINABU: Na bibi hakuwa na furaha naye?

MOSHA: Alikuwa na mahindi.

ZAINABU: Jioni bibi akikaa jikoni, paka alikaa wapi?

MOSHA: ... Miguuni pake. Lakini palikuwa na moto pale!

ZAINABU: Moto, eti.

MOSHA: Moto, da Zai. Kibosho kuna baridi.

ZAINABU: Hapo hatutaelewana leo.

MOSHA: Wala kesho. Haya, dakika mbili zimebaki, na ulikuja na mambo matatu ya kuwaambia watu.

ZAINABU: La kwanza, acheni kuwapa maziwa ya ng'ombe. Wengi wakishakua yanawaharisha, maji yanatosha. La pili—

MOSHA: Simu yako inawaka.

ZAINABU: Ni fundi. (anasoma) "Dada, Mangi yuko kwako? Huku hatujamwona tangu juzi."

MOSHA: Yuko kwako?

ZAINABU: Mimi nilijua yuko kwake!

MOSHA: Tawi la tatu! Jamani, Mangi ame—

ZAINABU: Zima mitambo, Mosha. Tochi yangu iko wapi?