Namna ya Kuzuia Mbu Wasizaliane Nyumbani na Wasiume

Karibu, mtazamaji. Leo tutaizunguka nyumba pamoja, tukianzia nje kwenye maji na kumalizia kitandani. Andaa ndoo, brashi ngumu, tochi, kipande cha wavu wenye matundu madogo na kamba ya kufungia.

Hatua ya kwanza ni kutafuta maji yaliyotuama. Penye joto, yai la mbu huweza kupitia hatua zote hadi kuwa mbu anayeruka katika muda wa siku 7 hadi 10, na kwa hiyo ukaguzi huu hufanywa kila wiki, tena katika siku ile ile ili usisahaulike. Inua sahani zilizo chini ya vyungu vya maua, pindua makopo na tairi chakavu, kunjua turubai lililoshika maji ya mvua, kisha panda ngazi uangalie mifereji ya paa, kwa maana majani makavu yakiiziba, maji hubaki humo bila mtu yeyote aliye chini kuyaona. Sasa mulika tochi ndani ya pipa. Hivyo vidudu vyembamba vinavyojipindapinda ni viluwiluwi, ambavyo huja juu kuvuta hewa na huzama mara kivuli kinapopita.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, na ninakusihi uitilie maanani: baada ya kumwaga maji, sugua chombo. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hubandika mayai yake kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa siku maji yatakapoyafikia tena. Kwa hiyo anayemwaga maji na kuyajaza upya bila kusugua huwa ameyaacha mayai pale pale. Tumia sabuni na brashi, zungusha kuanzia ukingoni hadi chini, halafu suuza.

Maji ya matumizi ambayo huwezi kuyamwaga, yafunike. Kama kifuniko kina ufa, tandaza wavu juu ya mdomo wa pipa na uukaze kwa kamba pande zote. Shimo la maji machafu nalo lisisahaulike, kwa kuwa mbu aina ya Culex huyapenda maji ya namna hiyo: ziba nyufa za mfuniko, na ufunge wavu kwenye ncha ya bomba la hewa. Kufyeka majani ni jambo jema, lakini mbu hupumzika tu majanini, hazaliwi humo, na kazi hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya brashi.

Hatua ya tatu ni kujikinga tusiumwe. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, ilhali Anopheles, anayeeneza malaria, huuma usiku. Mchana, vaa nguo za mikono mirefu na upake dawa ya kufukuza mbu kwenye ngozi iliyo wazi. Ukitumia pia mafuta ya kukinga jua, hayo ndiyo yatangulie. Dawa yenye DEET, yaani kemikali ya kufukuza mbu, isipakwe kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, na kwa watoto wakubwa usiipake viganjani, maana mikono yao huishia mdomoni na machoni.

Tumalizie kitandani. Shona kila tundu la chandarua, kishushe kabla ya giza, na uchomeke pindo lake chini ya godoro kuanzia kichwani hadi miguuni. Ukishaingia, mulika pembe zote kwa tochi kabla ya kulala, kwani mbu mmoja aliyefungiwa ndani atakuwa na usiku mzima wa kuuma.