Jinsi ya kumwombea mkongwe wa Marekani nishani ya Légion d'honneur ya Ufaransa

Karibu mtazamaji. Ufaransa bado inawatunuku nishani yake ya juu kabisa, Légion d'honneur, Wamarekani waliopigana kwenye ardhi yake katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliobaki hai wanakaribia miaka mia au wameshaipita, na wengi wako kwenye nyumba za wazee. Unayeishi Marekani unajua ni akina nani wanaowaogesha na kuwalisha humo: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi. Video hii ni yenu mnaowahudumia, pamoja na waliooa au kuolewa katika familia zao. Chukua kalamu.

Kwanza kabisa, nishani hii hapewi marehemu. Mzee akifariki ombi likiwa bado linapitiwa, mambo yameishia hapo. Kwa hiyo usingoje sikukuu wala kikao cha ukoo. Leo muulize mzee mwenyewe kama anataka, maana wapo wasiotaka kabisa kuikumbuka vita ile na hiyo ni haki yao. Akikubali, ishirikishe familia yake kabla hujagusa karatasi yoyote. Kama wewe ni mwajiriwa wa nyumba ya wazee, pata na ruhusa ya msimamizi wako. Usipige picha hati zake ukazituma kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa tuone kama anastahili. Tazama skrini. Ufaransa inataja kampeni nne, yaani awamu za mapigano. Normandy, Juni 6 hadi Julai 24, 1944. Kaskazini mwa Ufaransa, Julai 25 hadi Septemba 14. Kusini mwa Ufaransa, Agosti 15 hadi Septemba 14. Na Ardennes-Alsace, Desemba 16, 1944 hadi Januari 25, 1945. Awe alishiriki angalau moja.

Hiyo ya mwisho ina mtego. Sehemu kubwa ya mapigano ya Ardennes ilikuwa Ubelgiji na Luxembourg, na Bastogne yenyewe iko Ubelgiji. Kinachotafutwa ni mapigano kwenye ardhi ya Ufaransa, basi zitafute siku ambazo kikosi chake kilikuwa upande huo. Kinyume chake, hati yake ya jeshi ikitaja kampeni ya Rhineland peke yake, ambayo haimo katika hizo nne, usiitupe. Mapigano ya Metz ya Novemba 1944 yalihesabiwa chini ya Rhineland, na Metz ni Ufaransa. Hapo eleza mji na tarehe, kisha uulize ubalozi mdogo kabla ya kutuma.

Twende kwenye hati. Watu huambiwa walete DD-214, hati ya kuondoka jeshini, wakapekua makabati wiki nzima bure. Fomu hiyo ilianza mwaka 1950. Askari wa nchi kavu aliyeondoka jeshini 1945 au 1946, kama hakuwa ofisa, alipewa WD AGO 53-55. Ni karatasi moja tu, na ndiyo inayobeba ombi zima.

Simamisha video hapa uikague. Kisanduku cha 32 kinaorodhesha mapigano na kampeni. Cha 33 kina nishani alizopata, cha 34 majeraha ya vitani, na cha 36 tarehe za kuondoka Marekani, kufika ng'ambo na kurudi. Linganisha cha 32 na cha 36. Aliyefika Ulaya Machi 1945 huenda alishukia bandari ya Le Havre akapita tu Ufaransa akielekea Ujerumani. Kupita si kupigana.

Kosa linalojirudia sana liko kwenye kisanduku cha 33. Kikisema utepe wa EAME (eneo la Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati) wenye nyota tatu za shaba, hizo ni alama ndogo za kampeni tatu alizoshiriki. Si Bronze Star Medal, ambayo ni nishani ya kujitegemea. Ukiziandika kama Bronze Star tatu, utakuwa umedai asichokuwa nacho, na msomaji wa ombi anayezijua hati hizi ataanza kutilia shaka hata yaliyo kweli.

Karatasi ikiwa imepotea, ziko njia mbili. Anza na ofisi ya kumbukumbu ya kaunti alikorudi kuishi baada ya vita. Askari wengi waliisajili hati yao mahakamani huko, na mara nyingi nakala ingalipo. Watu huiruka njia hii, wakati ndiyo ya haraka.

Njia ya pili ni National Personnel Records Center, kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, St. Louis, jimbo la Missouri. Unaomba mtandaoni kupitia eVetRecs au kwa fomu ya karatasi SF-180. Waandikie jina kama lilivyokuwa jeshini, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na namba yake ya jeshi. Hiyo si Social Security, kwa kuwa jeshi la nchi kavu wakati huo lilikuwa na namba zake. Kwenye sehemu ya maelezo sema wazi kwamba ombi ni la dharura, utaje umri wa mzee na hali ya afya yake.

Jiandae, huenda wakakujibu kwamba faili liliungua. Moto wa Julai 12, 1973 uliteketeza karibu asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioondoka jeshini kati ya Novemba 1, 1912 na Januari 1, 1960. Ya wanamaji hayakuguswa. Kwa walioathirika, kituo hutoa cheti kinachoitwa NA Form 13038, lakini hicho kinathibitisha utumishi na tarehe bila kueleza alipigana wapi. Omba pia watafute ripoti za asubuhi (morning reports), yaani taarifa za kila siku za kombania yake. Kwa hiyo ni lazima ujue kombania, kikosi na divisheni. Kusema "alikuwa jeshi la Jenerali Patton" hakutoshi.

Sasa maelezo ya huduma yake. Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, mfululizo wa tarehe: alijiunga lini, kikosi gani hadi ngazi ya kombania, alitua wapi, miji gani ya Ufaransa, kazi yake ilikuwa ipi, alijeruhiwa wapi. Maneno kama "shujaa asiyeogopa" yaache. Kaa naye asubuhi akiwa amepumzika, weka ramani mbele yake, uliza miji badala ya tarehe. Tarehe utazipata kwenye historia ya divisheni. Akinyamaza, muache anyamaze. Kama alikuwa mrushaji ndege aliyeruka kutoka Uingereza, ambatisha orodha ya safari zake juu ya Ufaransa.

Kusanya sasa: fomu ya ubalozi mdogo iliyojazwa, nakala ya hati ya kuondoka jeshini, maelezo, nakala za vyeti vya nishani, na nakala ya kitambulisho. Hati halisi usizitume kamwe.

Ombi huenda ubalozi mdogo wa Ufaransa unaosimamia jimbo analoishi, si ulio karibu na wewe. Texas ni Houston, Minnesota ni Chicago. Mzee wa Seattle, jimbo la Washington, anahudumiwa na San Francisco. Wapo wanaosoma "Washington" wakadhani ni mji mkuu, wakapeleka bahasha upande wa pili wa nchi. Na mkongwe wa Uingereza haji huku kabisa, yeye hupitia Wizara ya Ulinzi ya kwao.

Kutoka hapo ombi hupitia ubalozi wa Washington, likaenda Paris, na anayetunuku ni Rais wa Jamhuri kwa amri rasmi. Hesabu miezi kadhaa, pengine mwaka. Cheo ni Chevalier, daraja la kuanzia. Namba ya simu uliyoandika iwe ya mtu atakayepokea: mfanyakazi akibadilisha kazi, au mzee akihamishwa nyumba, ubalozi mdogo ujulishwe siku hiyo hiyo. Na kama hawezi kusafiri, liandike hilo kwenye barua ya kwanza kabisa, uombe nishani aje kuvishwa pale pale anapoishi.