Chora jedwali la elementi 20 kwenye salfeti (na uiangalie potasiamu)

Habari zenu walimu wangu, na nyinyi vijana wa kidato cha kwanza na cha pili ambao mtihani umeshawakalia kooni. Leo kwenye video hii tunachora jedwali la elementi, zile 20 za kwanza, kwenye salfeti, ule mfuko wa plastiki wa kusukwa wa kubebea nafaka. Karatasi ya manila siitaki. Manila ikipata unyevu kidogo inajikunja kama kaukau, na wanafunzi wakiishika wiki mbili pembe zimekwisha. Salfeti unaikunja, unapanda nayo bodaboda, unafika darasani iko vilevile. Mimi nazichora kwa kuuza, kwa hiyo nikiisifia mjue nina masilahi yangu hapo.

Vifaa: salfeti moja ya kilo 50 iliyooshwa ikakauka, chaki, ubao ulionyooka au rula ya mita, na maka tatu za wino usiofutika, nyeusi, nyekundu na bluu. Pembeni weka maharage mekundu, njugumawe na punje chache za mtama. Hizo si za kupika, tutazifikia.

Halafu kabla hatujaanza, nawaambia mapema: namba 19, potasiamu, ndiyo inayoharibu salfeti za watu. Tukifika pale acheni kila kitu mnachofanya.

Kukata mnajua. Pasua ubavuni na chini, ikunjue, upande usio na maandishi uwe juu. Ukingo pitisha mwali wa mshumaa haraka haraka nyuzi zisichomoke, na fanya hivyo nje, moshi wake haufai chumbani. Salfeti yenyewe, kama hujui, ni kaboni na haidrojeni tu zilizoungana minyororo mirefu. Namba 6 na namba 1. Unaliandika jedwali juu ya jedwali.

Sasa piga mistari kwa chaki kwanza. Vyumba vya sentimita 12 kwa 12. Safu za kusimama 8, hiyo inakupa sentimita 96. Mistari ya kulala 4, sentimita 48. Nusu ya chini inabaki wazi, msiwe na haraka nayo. Juu ya kila safu andika namba ya kundi kwa Kirumi, I mpaka VIII. Jedwali zima lina elementi 118 na makundi 18, maana katikati wanaingia kina chuma, shaba na dhahabu. Leo hao wakae nje.

Dogo, toa kivuli chako hapo. Simu iinamishe. Hapo hapo.

Mstari wa kwanza. Chumba cha kundi la I: H, haidrojeni, namba 1. Kisha unaruka vyumba sita, vyote, mpaka kundi la VIII, unaandika He, heliamu, namba 2. Katikati pabaki patupu. Najua mkono unawasha kujaza. Usijaze! Haidrojeni ina elektroni 1, ile chembe ya chaji hasi inayozunguka kiini cha atomu, heliamu ina 2, na obiti ya kwanza, yaani duara la ndani wanapokaa, haipokei zaidi ya elektroni 2, kwa hiyo imeshajaa, na aliyejaa anakaa kule mwisho na wenzake waliojaa. Ndiyo maana heliamu haiendi kundi la II hata kama ina elektroni 2. Haigusani na mtu, haiungui, haina shida na yeyote. Na ipo kwetu: mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba kuna heliamu nyingi chini ya ardhi kule bonde la Rukwa. Kwa hiyo siyo gesi ya maputo ya harusini tu. Inatumika kupoza sumaku za mashine za MRI, zile za kupiga picha ndani ya mwili hospitalini.

Mstari wa pili sasa... Ngoja. Dogo, mbona imezima?

Haya, tumerudi. Simu ilijaa, tumefuta video za kipaimara. Nilikuwa nimeshaendelea, mstari wa pili ndio huu umekamilika: Li, Be, B, C, N, O, F, Ne. Namba 3 mpaka 10. Namba hiyo ni idadi ya protoni, chembe za chaji chanya, ndani ya kiini, basi. Ukibadilisha idadi ya protoni umebadilisha elementi yenyewe. Ukiongeza protoni moja kwenye kaboni hupati kaboni nzito, unapata nitrojeni.

Lithiamu mnayo mfukoni, kwenye betri ya simu. Kaboni ni mkaa. Nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa unayovuta. Florini, hii waulizeni watu wa Arusha na Meru: maji ya kule kwenye volkano yana floridi nyingi, na mtoto akikua anayanywa, meno yanatoka na rangi ya kahawia. Kidogo inalinda meno, ikizidi inayaharibu.

Hapa kwenye alama, nawaomba. Herufi ya kwanza kubwa, ya pili ndogo. Siku zote. Cl, siyo CL. Na, siyo NA. Mtaniambia mwalimu unasumbua watu na herufi. Haya, chukueni Co, o ndogo: hiyo ni kobalti, metali. CO, zote kubwa: hiyo ni kaboni monoksaidi, kaboni moja na oksijeni moja, ile gesi ya jiko la mkaa lililofungiwa ndani inayoua watu usingizini. Herufi moja hiyo.

Mstari wa tatu: Na, Mg, Al, Si, P, S, Cl, Ar. Namba 11 mpaka 18. Sodiamu inaandikwa Na kutokana na jina lake la Kilatini, kama potasiamu inavyoandikwa K, usitafute S wala P pale. Magadi mnayotia kwenye maharage yaive upesi ni ya sodiamu, na Ziwa Natron pale mpakani na Kenya limejaa hayo. Alumini ni sufuria. Silikoni iko ndani ya mchanga. Fosforasi inachimbwa Minjingu, kule Manyara, kwa mbolea. Salfa, watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa, ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriubwiri. Mimi ningekuwa na uwezo wa kuchagua elementi moja nikaiweka kwenye fremu sebuleni ningeweka salfa. Rangi ile!

Chini ya kila alama andika mpangilio wa elektroni kwa maka ya bluu. Sodiamu 2, 8, 1. Magnesiamu 2, 8, 2. Unaongeza moja moja mpaka argoni, 2, 8, 8. Tazama sasa jedwali linavyojieleza: namba ya mwisho ndiyo kundi, na namba ngapi zimeandikwa ndiyo mstari. Klorini 2, 8, 7: kundi la VII, mstari wa tatu. Ukielewa hilo hukariri tena.

Sasa simama. Weka maka chini. Dogo, sogeza simu karibu.

Mstari wa nne una vyumba viwili tu vya kujaza: K na Ca. Elektroni ya 19 inakwenda wapi? Mwanafunzi atakwambia obiti ya tatu inaweza kubeba mpaka elektroni 18, argoni imeweka 8 tu, kwa hiyo potasiamu ni 2, 8, 9. Anaonekana ana akili kabisa, na amekosa. Potasiamu ni 2, 8, 8, 1. Narudia kwa ajili ya wale mnaotazama huku mnapika: 2, 8, 8, 1. Obiti ya tatu kweli ina nafasi zaidi, ila nafasi ya kwanza ya obiti ya nne ina nishati ya chini kuliko zile zilizobaki kwenye ya tatu, na elektroni inakaa pale nishati ilipo chini. Kalsiamu nayo 2, 8, 8, 2. Zile nafasi za obiti ya tatu zinaanza kujazwa namba 21, skandiamu, na ndiyo sababu sisi tunaishia 20. Na ukitaka ushahidi, tia lithiamu, sodiamu na potasiamu kwenye maji. Namaanisha atie mwalimu, maabara, kipande kama kichwa cha kiberiti, miwani usoni. Zote tatu zinatoa haidrojeni, na potasiamu inawaka moto papo hapo. Tabia moja, kwa sababu zote zina elektroni 1 nje. Ingekuwa na 9 nje isingefanya hivyo.

Ushaandika 9? Usisugue kwa maji. Pamba yenye spiriti, taratibu, na doa litabaki. Ndiyo maana nikasema chaki kwanza, maka baadaye. 2, 8, 8, 1.

Na hapa hapa kuna swali mtaniletea tu: argoni ina uzito wa karibu 40, potasiamu 39, mbona nyepesi imekuja nyuma? Mendeleev, Mrusi aliyetoa jedwali lake mwaka 1869, alizipanga kwa uzito, na akaacha vyumba vitupu kwa elementi ambazo hakuna aliyekuwa amezipata. Galiamu ikapatikana 1875 ikaingia chumba chake, germaniamu 1886 ikaingia chake. Argoni yeye hakuwa nayo kabisa mwaka ule, ilikuja miaka ya 1890 ikavuruga mpango wa uzito. Mwingereza Henry Moseley, mwaka 1913, ndiye aliyeonyesha kwa eksirei kwamba cha kuhesabu ni chaji ya kiini, yaani protoni. Argoni 18, potasiamu 19. Kesi imekwisha.

Nusu ya chini sasa. Chora atomu ya sodiamu: zungushia kikombe, halafu bakuli, halafu sahani, kitovu kimoja. Hizo ni obiti tatu. Katikati panga maharage 11, protoni, na njugumawe 12, nyutroni, zile zisizo na chaji. Kumi na moja na 12 ni 23, ndio uzito wa sodiamu. Mtama ndiyo elektroni: 2, 8, 1. Wepesi wa elektroni lakini mtama hauuonyeshi, protoni moja ina uzito wa elektroni kama 1,836. Na vipimo vyetu ni vya uongo, lazima niseme: kiini kingekuwa kikubwa kama harage moja, elektroni za nje zingekuwa mamia ya mita kutoka hapa, kule barabarani kwenye kituo cha daladala.

Shii! Shii! Dogo, kuku! Mfukuze... usiangushe simu!

Hapana, acha, acha, umepata hii? Irudie picha hapa. Amedonoa mtama wa nje, ule mmoja. Hebu hesabuni: protoni bado 11, elektroni 10. Chaji chanya imezidi kwa moja. Hii si atomu tena, ni ayoni, Na⁺. Na kuku wetu amechukua ile ile ambayo klorini ingechukua, maana klorini ina 7 nje na inatafuta moja itimize 8. Sodiamu inatoa, klorini inapokea, chanya na hasi zinavutana, umepata chumvi ya mezani. Elementi inayolipuka kwenye maji na gesi ya sumu, zikiungana unatia kwenye mchuzi.

Klorini ukitaka kuipanga kwa nafaka: maharage 17, njugumawe 18 au 20. Usitafute nusu ya njugumawe kwa sababu umeona uzito wa 35.5 kitabuni. Hiyo ni wastani, robo tatu ya klorini duniani ina nyutroni 18 na robo ina 20.

Nafaka usizibandike, gundi haishiki salfeti, zitadondoka zote. Ziache kwenye kikopo, wanafunzi wapange wenyewe. Futa chaki kwa kitambaa kikavu, kunja pindo la juu, shona, pitisha fito, ning'iniza mbali na dirisha, maana jua linakula maka nyekundu kwanza. Ninazo tatu zilizokwisha kushonwa, na moja haina pindo, hiyo nitakupunguzia.