Kupima nafasi ya timu ya Triple-A kuingia mchujo

Ndugu zangu, mtu akitaka kujua kama timu ya Triple-A, ngazi ya besiboli ya Marekani iliyo moja tu chini ya ligi kuu (MLB), itaingia mchujo, hukimbilia msimamo wa msimu mzima. Msimamo huo unapotosha. Msimu una mechi 150, umekatwa mizunguko miwili ya mechi 75. Bingwa wa mzunguko wa kwanza anakuwa na tiketi mfukoni tangu Juni, kisha timu zote zinarudi sifuri. Mwaka 2023, katika International League, moja ya ligi mbili za Triple-A, Norfolk Tides walichukua mzunguko wa kwanza, Durham Bulls wakachukua wa pili. Walipokutana Norfolk wakapita, wakaenda Las Vegas, kwenye fainali ya taifa, kuifunga Oklahoma City, bingwa wa ligi ile nyingine, 7-0.

Basi hesabu ianze kwenye mzunguko unaochezwa sasa. Chukua 75, ongeza 1, toa ushindi wa anayeongoza, toa na mechi alizofungwa anayemfukuza. Tuseme kinara ameshinda 44 na kufungwa 23, wa pili ameshinda 39 na kufungwa 28. 76 toa 44 toa 28 inabaki 4. Kila kinara anaposhinda, au wa pili anapofungwa, namba inashuka kwa moja; ikifika sifuri, kwisha kazi, kinara ameuchukua mzunguko. Angalieni mvua tu: mechi zikifutwa zisirudiwe, timu hupangwa kwa asilimia ya ushindi, na hesabu ya 75 haifai tena.

Sasa mpimeni kinara huyo kama uwezo wake ni wa kweli. Tuseme katika mechi hizo 67 amepata mikimbio (pointi za besiboli) 340 na kuruhusu 300. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 115,600 na 90,000. Gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, unapata 0.562, yaani ushindi kama 38. Yeye anao 44. Hizo sita za ziada mara nyingi hutoka kwenye mechi alizoshinda kwa mkimbio mmoja, na ushindi wa namna hiyo haudumu. Mimi timu kama hiyo siipi nafasi kubwa, hata ikiongoza.

Kisha kuna timu mama, yaani timu ya ligi kuu ambayo timu ya Triple-A inailelea wachezaji, na hapa ndipo utabiri mwingi unapovunjika. Tarehe 1 Septemba kikosi cha ligi kuu kinapanda kutoka wachezaji 26 hadi 28, na warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, hawazidi 14. Kwa kawaida hupanda mrushaji mmoja na mpigaji mmoja, nao huwa miongoni mwa walio bora wa timu ya Triple-A. Majeruhi wa ligi kuu huvuta wengine juu mwezi mzima. Lakini wapo pia wanaopanda kutoka chini: mchezaji Jackson Holliday alianza 2023 Delmarva, akapitia Aberdeen na Bowie, timu za ngazi zilizo chini ya Triple-A, akamaliza Norfolk, ngazi nne kwa msimu mmoja. Kwa hiyo someni taarifa za uhamisho kila jioni kabla ya kutazama msimamo.

Mwisho, hesabuni warushaji wa kuanza, wale wanaofungua mechi kwa zamu. Fainali ya ligi ni anayetangulia kushinda mechi mbili, na fainali ya taifa ni mechi moja tu. Timu inayomaliza kazi kwa mechi mbili hufika Las Vegas na mrushaji wake wa tatu mkono wake ukiwa haujaguswa.